Ukitaka cha Juu, Ningoje

Jina lake la kweli lilikuwa kwenye vyeti na kwenye karatasi ya mshahara, basi. Mtaa mzima ulimwita Mama Kimya, na kosa lilikuwa la ukuta. Nyuma ya meza yake ya maktaba, juu kidogo ya kichwa chake, palikuwa na kibao chenye neno KIMYA kwa herufi nyekundu. Watoto waliokuwa ndiyo kwanza wanajua kusoma waliingia, wakamkuta ameketi chini ya kibao kile, wakadhani ameandikiwa jina lake ili asipotee. Wakamsalimu, "Shikamoo, Mama Kimya." Akacheka, akaitika. Kosa lake yeye lilikuwa hilo la kuitika, maana tangu siku hiyo jina likamganda.

Na kama kuna jina ambalo halikumfaa mtu, ni hilo. Mama Kimya alikuwa msemaji. Alinong'ona, ndiyo, maana kazi ni kazi, lakini alinong'ona tangu anafungua mlango mpaka anaufunga. Alikuuliza hali ya mgonjwa wako, akakuuliza kama yule mpangaji wako ameacha kupiga redio, akakitazama kitabu ulichoshika, akakwambia mwisho wake unaudhi, chukua kingine. Mumewe, dereva wa malori, alifariki binti yao akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Akamlea peke yake, palepale maktabani. Mtoto alilala mchana chini ya meza juu ya magazeti ya zamani, akakua, akasoma, akaolewa mji wa mbali. Kila Jumapili alipiga simu.

"Mama, njoo ukae na sisi. Chumba kipo, kitanda kipo. Unangoja nini huko?"

"Kazi, mwanangu."

Alikuwa anadanganya. Alikuwa anamngoja fundi makochi.

Fundi huyu alikuwa na karakana mtaa wa pili, anatengeneza makochi mapya na kuyafufua ya zamani yaliyokwisha kukata tamaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, wala si kwa upole wa kuzaliwa, ni kwa sababu ya misumari. Kutwa alikuwa nayo mdomoni, ile midogo, akiisukuma mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi na kuipigilia, na mtu wa namna hiyo utapiga naye soga saa ngapi? Alikuwa mgane. Watoto wake walikuwa wakubwa, kila mmoja na kwake. Asubuhi, kabla hajafungua karakana, alinawa mikono mpaka viwiko ili asichafue kurasa, akaja maktaba, akarudisha kitabu cha hadithi, akachukua kingine. Hadithi tu. Za mapenzi, za visasi, za wapelelezi, za mashetani waliorithishwa pamoja na nyumba. Ilimradi humo ndani kuna mtu anataka kitu na kuna mwingine anamzuia.

Sasa, aliyeipanga maktaba ile hapo zamani, Mungu amsamehe, aliamini kwamba hadithi ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Vitabu vya maana, yaani vya mifugo na afya na mapishi, aliviweka karibu na mkono wa mkutubi. Hadithi akazipandisha rafu ya juu kabisa, chini ya dari, kama mtu anayemfichia mtoto sukari. Wakubwa waliofuata hawakubadilisha chochote. Kwa hiyo kila aliyetaka hadithi, na karibu wote walitaka hadithi, ilibidi Mama Kimya apande stuli.

Siku moja ya mvua alipanda na viatu vilivyolowa, akateleza, akaanguka na vitabu vyake. Goti la kulia likalia kwa sauti ambayo mwalimu mstaafu, msomaji wa magazeti wa pale dirishani, aliisikia. Fundi makochi ndiye aliyekuwa karibu. Alimwinua, akamkalisha, na badala ya kutazama goti akatazama kiti, maana viti ndivyo alivyovielewa.

"Unakalia ubao mtupu?" aliuliza.

"Miaka yote."

"Miaka yote," alirudia, kama mtu aliyetukanwa.

Kesho yake alikuja na sponji na kipande cha kitambaa cha kahawia kilichobaki kwenye kochi la mteja. Akaketi sakafuni, chini ya kibao cha KIMYA, akakigongagonga kile kiti kwa nyundo asubuhi nzima, na wasomaji wote wakavumilia. Alipomaliza alitema misumari iliyobaki, akasimama, akasema maneno ambayo Mama Kimya aliyaweka mahali pake moyoni na hakuyatoa tena.

"Usipande tena kile kidude. Ukitaka cha juu, ningoje mimi."

Basi ikawa hivyo. Msomaji akiagiza hadithi leo, Mama Kimya alimwambia njoo kesho, na asubuhi fundi alipofika alipanda, akashusha vya watu wote na chake mwenyewe. Mama Kimya alishika miguu ya stuli kwa mikono yote miwili. Stuli haikuwa ikitikisika. Ilikuwa imara kuliko maktaba yenyewe. Lakini aliishika, naye fundi huko juu hakuwahi kumwambia aiache. Na hapo ndipo mambo yao yalipoishia. Vijana wangekwisha kuambiana zamani, wakaachana, wakarudiana. Hawa wawili walikuwa wamefika umri wa kuogopa kuchekwa.

Ndipo makao makuu yalipoleta maktaba ya simu.

Vitabu vyote vya matawi, hata vile vilivyoliwa pembe na panya, viliingizwa humo. Msomaji akiwa na simu ya kioo na bando kidogo angeweza kuazima kitabu akiwa jikoni kwake. Kila mkutubi aliagizwa kuwaandikisha wasomaji wake wote, na tawi litakaloburuta mkia lingejieleza. Kwenye semina, bwana mmoja mwenye tai alisimama mbele akasema watu wetu watakataa kwa sababu ya ushamba. Mama Kimya alinyoosha mkono, akauliza kama bwana mkubwa ameshawahi kumwona mshamba anayetuma picha za harusi kwa ukoo mzima kwa mpigo mmoja. Watu wakacheka. Bwana mkubwa akaweka tai yake sawa, ingawa haikuwa imepinda.

Alijua anachosema. Watu wa mtaa wake hawakuwa na ugomvi na simu. Walilala nazo chini ya mto. Walichotaka kujua ni mambo ambayo mtu hujiuliza hata anaponunua sufuria. Itanifaa nini? Itanisumbua kiasi gani? Nani mwingine anayo? Ukiwajibu hayo, wanakuja wenyewe. Usipowajibu, hata uwapigie tarumbeta.

Muuza mboga wa pale kona alihofia bando lake litaliwa. Mama Kimya akamwonyesha namna ya kupakua kitabu akiwa palepale maktabani, kwa mtandao wa bure, kisha akakisome kibandani kwake bila kugharimika. Mwalimu mstaafu alidai macho yamechoka. Akamkuzia herufi mpaka neno moja likajaza kioo, mwalimu akasema, "Sasa unanisomesha la kwanza upya," akajiandikisha. Mama mmoja aligoma kabisa alipoambiwa aweke neno la siri. "Siri ya nini? Mume wangu akiniuliza nina siri gani na maktaba, nimjibu nini?" Ikabidi mume naye aitwe, aandikishwe, kila mtu na neno lake, wakaondoka wakitazamana kwa jicho la pembeni. Wasusi wa saluni walimpiga chenga muda mrefu, wakisema hawana nafasi. Halafu msusi mmoja akasoma hadithi ya mapenzi kwa sauti huku anasuka, na kabla saluni haijafungwa siku hiyo, kina dada wote walikuwa wamejiunga, na wateja pia, wengine nywele nusu.

Lakini kilichowarudisha wengi nyuma hakikuwa bando wala macho. Waliogopa kubaki peke yao na mashine. Maktabani ukikosea kuna mtu wa kumwambia samahani. Kwenye simu ukikosea unamwambia nani? Hapo Mama Kimya alibuni maneno yake mwenyewe, na yalifanya kazi kuliko semina. Alimshika mtu kidole, akakiweka juu ya kitufe cha kuazima, akamnong'oneza: "Ukibonyeza hapa ni sawasawa na kuniambia mimi. Nainuka kwenye kiti changu, naenda rafuni, nakitoa, nakukabidhi. Humu ndani nimo mimi."

Watu walicheka, mioyo ikatulia, vidole vikabonyeza. Walijua ni utani. Karibu wote walijua.

Fundi makochi, Mama Kimya alimruka. Aliandikisha jirani wa kushoto wa karakana yake na jirani wa kulia, akaandikisha hadi mteja mmoja wa makochi aliyekuwa anapita tu, lakini mbele ya fundi mwenyewe akajitia hamnazo kama vile hamwoni. Asubuhi zikaendelea kama zamani. Kisha ujumbe ukaja kutoka makao makuu kwamba tawi lake limebakiza msomaji mmoja, na kuna nini?

Alimwambia huku ameshika stuli, fundi yuko juu.

"Fundi, na wewe nikuandikishe."

"Kwenye nini?"

"Kwenye simu. Uazime vitabu ukiwa kwako."

Fundi alitoa kitabu kimoja, akakirudisha. "Simu yangu ya zamani."

Moyo wa Mama Kimya ukaruka kwa furaha. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea kazi, ukamtangulia. "Inatosha. Nimeiona, ina kioo."

Siku iliyofuata fundi alikuja na sababu nyingine, kwamba karakana yake ina mabati pande zote na mtandao haushiki. Mdomo wa Mama Kimya ukamwambia apakue kitabu hapahapa. Akaleta nyingine, kwamba akisoma kwenye simu atashindwa kujua amebakiza unene gani wa hadithi. Mdomo ukamwonyesha mstari mdogo wa chini unaosogea. Kila alipomwondolea kisingizio, moyoni alimwomba Mungu ampe kingine.

Na Mungu akampa kimoja kizuri. Kioo cha simu hakikusikia vidole vya fundi. Gundi ya miaka mingi ilikuwa imezifanya ncha zake ngumu kama kwato, akibonyeza simu inakaa kimya, inamtazama tu. Walijaribu kidole hiki na kile. Mama Kimya nusura aimbe. Kisha akajisikia anasema, kwa sauti ileile ya semina, "Tumia kifundo. Kunja kidole, gonga na kifundo." Fundi akakunja kidole, akagonga. Simu ikaitika.

Akabaki ameishika mkononi, hana tena pa kujificha.

"Unataka kweli nijiunge?" aliuliza.

"Wakubwa wanataka."

"Nakuuliza wewe."

Palikuwa na watu. Mwalimu mstaafu alikuwa ameshusha gazeti, na mama wa neno la siri alikuwa ameacha kufunua kurasa. Mama Kimya aliona uso wake unawaka moto, akasema jambo la kwanza lililokuja, nalo lilikuwa la kazi. "Nataka. Itakurahisishia. Sasa hata huna haja ya kuja." Na kwa kuwa ulimi ukishaanza kuteleza haukamatiki, akamshika kidole, akakiweka juu ya kitufe, akamwambia yale maneno yake yote, kuhusu kiti na rafu na kukabidhi.

Fundi alisikiliza kwa makini, kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza kochi analolitaka. "Unainuka kweli?"

"Nainuka."

"Kila nikibonyeza?"

"Kila ukibonyeza."

Fundi alifikiri kidogo, akatia simu mfukoni, akaaga. Asubuhi iliyofuata hakuja.

Makao makuu yalituma pongezi. Tawi lake lilikuwa la kwanza kukamilisha, wasomaji wote ndani, hakuna aliyesalia. Mama Kimya aliusoma ujumbe huo akiwa amekaa juu ya kitambaa cha kahawia, akautazama mlango. Viatu vya fundi vilikuwa na mlio wake, kimoja kizito kuliko kingine kwa sababu alikiegemea anapopiga magoti kazini. Siku za mwanzo kila mlio uliokaribia mlangoni ulimwinua kidogo kitini. Ilikuwa ni postamasta, ilikuwa ni mwalimu, ilikuwa ni mtu anayeuliza choo. Baadaye aliacha kuinuka, lakini masikio hayakuacha.

Alimkumbuka kwa vitu ambavyo hangeweza kumweleza mtu. Harufu ya gundi iliyobaki kwenye kurasa. Namna alivyosafisha koo kabla ya kusema neno moja tu. Soli za viatu vyake, ambazo alizijua kuliko uso wake, kwa kuwa asubuhi zote zile alikuwa amesimama chini yake. Na kazi ya mikono yake ilikuwa chini yake sasa, ameikalia kutwa, hata kuikimbia hawezi. Mtu akiagiza hadithi bado alimjibu "njoo kesho", kwa mazoea, na kesho hapakuwa na wa kupanda. Wasomaji wakachoka, wakaenda kuzisoma kwenye simu. Rafu ya juu ikaanza kufanya vumbi. Yeye hakuipanda. Alikuwa ameambiwa angoje.

Jumamosi moja alipiga moyo konde, akapita upande wa pili wa barabara mbele ya karakana, ana kikapu mkononi ili aonekane anatoka sokoni. Kikapu kilikuwa kitupu. Fundi alikuwa ameketi kwenye kochi ambalo bado halijavishwa nguo, simu kwenye paja, amekunja kidole, anagonga kioo kwa kifundo taratibu, uso umezama. Aligonga, akangoja, akatazama, akagonga tena. Mama Kimya aliona mtu aliyeshiba. Amepata anachokitaka, alijisemea, na mimi ndiye niliyemfundisha. Akaondoka upesi kabla macho hayajamsaliti, akafika nyumbani, akakaa na kikapu chake kitupu mapajani mpaka mikono ikafa ganzi.

Binti alipopiga simu kesho yake na kuuliza lile swali lake la kila Jumapili, hakutaja kazi.

"Nitakuja," alisema. "Mwisho wa mwezi."

Binti alipiga kelele za furaha, akawaita wanawe waje wasikie. Mama Kimya aliwasikiliza wakirukaruka huko mbali, akawapenda, na hakuna siku aliyojisikia mpweke kama siku hiyo.

Wiki ile alianza kufunga mambo ya maktaba. Alikuwa anapanga kadi za wasomaji, zile za zamani za karatasi, simu ya mezani ilipolia. Alikuwa dada wa mitambo kutoka makao makuu, yule anayeiendesha maktaba ya simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna kilichoharibika?"

"Hapana, hongera! Msomaji anayeongoza kwa matawi yote ametoka kwako. Fundi makochi. Hakuna anayeazima kama yeye. Wakubwa wanataka kuja kumpiga picha na kumpa cheti."

Mama Kimya alihisi kitu kama kisu kidogo. "Anastahili," alisema. "Ni mpenzi wa kusoma."

"Ndiyo maana nakupigia kwanza, mama, tusije tukaaibika." Dada alishusha sauti. "Huyu mtu ni mzima?"

"Mzima vipi?"

"Kila asubuhi anaazima kitabu. Jioni anakirudisha. Hajafungua hata ukurasa mmoja. Nikasema labda mtoto anachezea simu, lakini mtoto hachagui vitabu hivi. Leo ufugaji wa kuku. Kesho huduma ya kwanza. Kesho kutwa nyuki. Halafu mapishi ya wagonjwa, utunzaji wa meno, anarudi tena kwa kuku."

"Na hadithi?"

"Hadithi hajagusa."

Mama Kimya aliahidi kuulizia, akaweka simu. Mawazo ya kwanza yaliyomjia hayakuwa mazuri. Alijiuliza fundi ana kuku wa nini. Kisha akajiuliza kuku hao ni wa nani, na kichwa chake kikamchorea mjane mmoja mnene mwenye banda kubwa na mayai mengi, akamchukia papo hapo mwanamke huyo ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kisha hasira ikaisha, akataka tu kukiona hicho kitabu chenyewe. Akanyoosha mkono wa kulia akakitoa.

Akakishika hivyo. Alikuwa amekitoa bila kuinuka.

Akaweka kuku mezani, akanyoosha mkono tena. Huduma ya kwanza ilikuwa ubavuni pake. Nyuki walifuata, kisha mapishi ya wagonjwa, kisha meno. Rafu ile ilianza usawa wa bega lake na kuishia pale kidole chake kilipofika, na kila kitabu alichokitaja yule dada kilikuwa humo, na hakuna hata kimoja ambacho kingemlazimu mtu mwenye goti bovu kusimama. Aligeuza uso akatazama juu, chini ya dari, kwenye hadithi. Mtu yule aliyekuwa hapitishi siku bila hadithi alikuwa ameziacha zote huko, asubuhi baada ya asubuhi, akaazima kuku.

Alilia, wala hakujificha. Mwalimu mstaafu alishusha gazeti.

"Kuna msiba?"

"Hakuna, Mwalimu. Nitazamie mlango."

"Unakwenda wapi saa za kazi?"

"Kuulizia kuku."

Alitembea upesi kadiri goti lilivyomruhusu. Njiani alikumbuka ahadi aliyompa binti, akaona itabidi amweleze kitu, ila hakujua bado atamweleza nini.

Karakana ilikuwa na harufu ya gundi na mbao mbichi. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Alipomwona mlangoni alisimama haraka, akajipangusa chembe za sponji kifuani, akagundua kwamba amevaa fulana ya kazi yenye matundu, akavuta kipande cha kitambaa akajifunika nacho.

"Kuku hawajambo?" Mama Kimya aliuliza.

Fundi alitazama huku na huku. "Kuku gani?" alisema katikati ya misumari.

"Wa kwenye simu."

Uso wake ukafunguka. Akatema misumari kiganjani. "Kumbe ulikuwa unaona! Sasa mbona hujibu? Asubuhi nakubishia hodi, jioni nakuaga. Kimya. Nikasema huyu ameudhika na mimi."

Angeweza kusema ndiyo, niliona. Ilikuwa rahisi, na fundi angefurahi. Lakini alikuwa ameshaona maneno yake matamu yalikomfikisha.

"Sikuona kitu, Fundi. Humo ndani ya simu mimi simo. Kuna mashine tu, iko makao makuu. Yale maneno nilikuwa nawaambia watu ili wasiogope."

Fundi alikaa polepole kwenye mkono wa kochi. "Hukuwa unainuka?"

"Sikuwa nainuka."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Alilifikiria jambo hilo, akiichezesha misumari kiganjani. "Basi goti limepumzika," akasema.

Mama Kimya alishika fremu ya mlango. "Mbona hukuja mwenyewe?"

"Uliniambia sina haja ya kuja. Mbele za watu. Nikaona nimekuchosha, sasa ukanitafutia njia ya heshima ya kunifukuza."

"Nilikuwa nasema huku naomba ukatae."

"Mimi nilikataa sana," fundi alisema. "Wewe kila nikikataa una jibu."

Hilo lilikuwa kweli. Nje, mtu alipita akisukuma mkokoteni, wakamngoja apite kama vile ndiye aliyekuwa na zamu ya kusema. Mama Kimya aliona kwamba akikaa kimya sasa hivi, ataendelea kukaa kimya hivyohivyo kwa binti yake, kwenye chumba kizuri chenye kitanda, mpaka mwisho wa maisha yake.

"Kuna kitabu nakitaka," alisema. "Cha hadithi. Kiko rafu ya juu. Uliniambia nikitaka cha juu nikungoje. Nimengoja."

Fundi aliimimina misumari kwenye kopo lake, akainama akaokota na ile iliyokuwa imeanguka sakafuni, kisha akaanza kutafuta shati.